Salio si Mshahara

Ploti ya kisa hiki usiitafute. Ukishuka stejini Huruma ukauliza ploti ya ghorofa tano yenye vyumba arobaini, tangi jeusi juu, geti la bluu mbele na mto nyuma, utaonyeshwa nyingi. Watu wake pia nimewaunga kwa vipande vya watu wengi, kama mafundi wa Gikomba wanavyotoa suruali moja kwenye mbili zilizochanika. Lakini mito, mabwawa na tarehe za mambo ya nchi nitakazotaja ni za kweli.

Keateka wa ploti hiyo alikuwa mzee mmoja mtu wa kuandika. Ujanani alikuwa karani wa bohari, na kalamu haikumtoka mkononi. Nyuma ya mlango wake lilining'inia daftari lililofungwa kwa kamba ya kiatu. Maji ya bomba yalikuja kwa zamu, usiku wa Jumatano na wa Jumamosi, kuanzia saa mbili hadi saa kumi alfajiri. Kabla hayajaja, mzee alipanda juu na ufito aliouchonga alama, akautumbukiza tangini, akaandika. Asubuhi akapanda tena. Akatoa cha jana kwenye cha leo, na jibu akaliandika kwa wino mwekundu chini ya neno moja: Kilichoingia.

Mwisho wa mwezi mmoja landlodi alikuja na bili mkononi. Bili ilisema uniti 64, yaani lita elfu sitini na nne. Daftari, kwa zile siku nane za maji, lilisema elfu ishirini na nne.

"Mzee, lita elfu arobaini zimeenda wapi?"

"Hata mimi nashangaa, mkubwa."

"Hazipotei hivi hivi. Kuna mtu anainywa hii ploti yangu. Nani anatumia maji mengi hapa?"

Keateka hakuhitaji kufikiri. Ghorofa ya pili aliishi mama fua, mwanamke aliyefuliwa jina na kazi yake, kwani watu wa hadi Kariobangi walimletea mablanketi. Kutwa nzima kamba zake zilikuwa zimejaa na povu lake likiteremka mferejini. Alipoitwa akasema, "Mzee, maji ya kazi nanunua kibandani, mtungi kwa mtungi. Nenda uulize." Hakuna aliyekwenda kuuliza. Daftari lilikuwa limeshasema, na daftari haligombani na mtu. Ijumaa kitanda chake kilipakiwa kwenye mkokoteni, masufuria juu ya kitanda, mtoto juu ya masufuria.

Mwezi uliofuata bili ikaja uniti 64.

Chumba namba 27 alikaa kijana mwanafunzi wa uhandisi wa maji, aliyekuwa atachi, yaani akijifunza kazi, katika ofisi moja inayoshughulika na mito. Aliomba kuliona lile daftari. Alilisoma akiwa amesimama, halafu akakaa.

"Mzee wangu, hapa umeandika Jumamosi ziliingia lita elfu tatu. Umejuaje?"

"Tangi lilikuwa na elfu mbili, asubuhi likawa na elfu tano. Hata mtoto wa nasari anajua kutoa."

"Na usiku huo watu walilala?"

Mzee akacheka. Nani analala siku ya maji? Mama wa watoto wanakesha na mitungi kwenye ngazi.

"Basi sikia. Mshahara wako ukiingia Ijumaa, unalipa deni dukani, unatuma nyumbani, unanunua unga. Jumatatu simu inakuambia salio ni shilingi mia tatu. Utamwambia mtu kwamba mshahara wako ni mia tatu?"

"Hapana. Hilo ni salio."

"Na hili daftari ni la salio."

Jumamosi iliyofuata wawili hao hawakulala. Kijana alisoma mita ya getini maji yalipoanza na yalipokatika: uniti 8 kamili. Tangi lilipanda kwa lita elfu tatu zile zile. Kisha wakaanza kutafuta elfu tano. Walihesabu mitungi milangoni: vyumba arobaini, wastani wa mitungi mitatu ya lita ishirini, hizo elfu mbili na mia nne zilizochotwa huku tangi likijaa. Kijana anayeosha bodaboda chini alikuwa ameunganishwa kabla ya tangi, na mapipa yake matatu ya lita mia mbili yalikuwa yamejaa: mia sita. Kiungo cha bomba nyuma ya choo kilikuwa kinavuja, wakatega mtungi chini yake, ukajaa kwa dakika 24. Kwa saa nane ni mitungi ishirini, lita mia nne. Zilibaki elfu moja na mia sita. Hizo ziliwatoa jasho. Walifuata bomba kwa kupiga simiti na nyundo wakisikiliza, hadi wakafika ukuta wa jirani, na upande wa pili wa ukuta ilikuwapo baa. Baa ilikuwa ya landlodi mwenyewe. Bomba lile alilipitisha wakati wa ujenzi na akalisahau, au alijisahaulisha; mimi sikuwa ndani ya kichwa chake.

Mwenye kaunta wa baa ile, nasikia, alikuwa akijisifu kwamba wao hawana shida ya maji. Mita yao ilikuwa haisogei na tangi lao halikauki. Aliamini wana bomba lenye baraka.

Keateka alivaa koti akaenda kumtafuta mama fua. Alimkuta Kiamaiko. Alimweleza yote, pamoja na habari ya mtungi wa dakika 24, maana alikuwa mtu wa hesabu na hakujua njia nyingine ya kuomba msamaha. Mama alimsikiliza, akampa chai, akamwambia kwamba huku ameshalipa diposti.

Hesabu ile ya usiku mmoja ina jina katika ofisi za maji: kutafuta mtiririko wa asili wa mto. Mto hupimwa mahali fulani, mara nyingi darajani, kwa ubao wenye sentimita uliosimamishwa majini. Mtu husoma kina, na kina hugeuzwa kuwa lita kwa sekunde kwa kutumia vipimo vya kasi vilivyochukuliwa hapo awali. Namba hiyo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba ni salio. Juu ya daraja kuna shamba lililofungua mfereji, kuna bwawa lililozuia, kuna mji uliotia bomba, na kuna mji mwingine uliomwaga.

Kanuni yenyewe haina uganga. Chukua maji yaliyopita kwenye kipimo. Ongeza yaliyochotwa huko juu yasirudi. Ongeza yaliyovushwa kwenda bonde jingine. Ongeza yaliyozuiwa bwawani, au yatoe kama bwawa limefunguliwa likapungua. Ongeza yaliyonyonywa na jua kwenye uso wa bwawa. Kisha toa yasiyo ya mto huo: yaliyoletwa kwa bomba kutoka kwingine, na yaliyovutwa kisimani yakaishia mtoni. Kinachobaki ni mto kama ungekuwa bila sisi.

Kuna neno hapo juu ambalo watu hulipita mbio: yasirudi. Kuchota si sawa na kumaliza. Mama fua alichota mapipa kwa mapipa, na karibu yote yakateremka mferejini hadi Mto Mathare, machafu lakini yapo. Mkulima anayemwagilia sukuma wiki anaweza kuchota nusu ya hayo, na sehemu kubwa ikapanda hewani kupitia majani, mto usiione tena. Ukiwaandikia wote wawili kwa kipimo cha walichochota, umemwonea mmoja na kumsitiri mwingine. Nimeona mijadala mizito ya wazee wa mto ikiharibika kwenye neno hilo moja, kila upande una namba sahihi na hakuna anayezungumzia kitu kimoja.

Na hili si jambo la wasomi kujifurahisha, kwa maana vibali vya kuchota maji hutolewa kwa kuitazama hiyo hesabu. Kanuni za Kenya za usimamizi wa rasilimali za maji za mwaka 2007 ziliweka akiba ya mto, maji ya mahitaji ya msingi ya watu na ya uhai wa mto wenyewe, yasiyotakiwa kugawiwa mtu. Kiwango chake ni kile ambacho mto hukifikia au kukipita kwa asilimia 95 ya wakati, kwa hesabu ya mtiririko wa asili. Ondoa hayo maneno mawili ya mwisho uone kinachotokea. Mwaka huu watu wanachota bila kibali, kipimo kinashuka. Ofisi inasoma kipimo kilichoshuka, inasema huu ndio mto, inakata akiba ndogo kuliko ya jana. Mwaka ujao wanachota zaidi. Akiba inateremka ngazi pamoja na wizi, na makaratasi yote yako sawa.

Kaskazini-magharibi ya Mlima Kenya somo hilo limesomwa kwa machozi. Mito kama Naro Moru inashuka kutoka mlimani kwenda kuulisha Ewaso Ng'iro, na tangu miaka ya 1980 imewahi kutokea zaidi ya mara moja kwamba Ewaso Ng'iro unakauka kwenye daraja la Archer's Post wakati wa kiangazi. Mfugaji wa Samburu aliyesimama kwenye mchanga ule angeweza kulaumu mbingu. Watafiti wa Nanyuki walifanya alichofanya kijana wa namba 27: walitembea kando ya mito, wakahesabu mabomba na mifereji, wakayarudisha maji kwenye karatasi. Ikaonekana kwamba katika miezi ya kiu sehemu kubwa ya mto ilikuwa imemezwa kabla ya kufika tambarare. Vyama vya watumia maji vilivyoundwa kule vimekuwa vikigombana kwa kutumia namba, na kugombana kwa namba ni nafuu kuliko kugombana kwa mikuki.

Marekani walifanya kosa la namna nyingine. Mwaka 1922 majimbo saba yaliketi kugawana Mto Colorado. Rekodi waliyokuwa nayo ilikuwa fupi na ilitoka katika miaka ya mvua nyingi. Kwa mapatano hayo, na mkataba na Meksiko wa 1944, ziliahidiwa zaidi ya mita za ujazo bilioni 20 kwa mwaka. Leo wahasibu wa mto huo wanarudisha kila tone lililotumika au kuvukizwa, na tangu mwaka 2000 mtiririko wa asili umekuwa wastani wa karibu bilioni 15. Julai 2022 ziwa la Mead, bwawa la mto huo huo, lilishuka kuliko wakati wowote tangu lilipojazwa miaka ya 1930. Waliugawa mshahara wa mwezi wa bonasi kana kwamba ndio wa kila mwezi.

Huruma inaingia hapa kwa mlango wa ajabu. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini huko Gatanga, Murang'a, lililokamilika katikati ya miaka ya 1990, lenye uwezo wa kushika mita za ujazo milioni 70. Bwawa hilo limefunga Mto Thika. Mto Thika ni mtoto wa Tana. Maji yake yangeachwa yaende zake, yangeingia Masinga, yakapita mabwawa ya umeme, yakapita Garissa, yakafika baharini karibu na Kipini. Badala yake yanasafishwa Ng'ethu, yanashushwa jijini, yanaingia mtungini Huruma, yanaogesha mtoto, yanamwagwa. Kutoka mferejini yanaingia Mathare, Mathare unaingia Mto Nairobi, Nairobi unaingia Athi, Athi unageuka Galana, Galana unaitwa Sabaki, na Sabaki unamwagika kaskazini ya Malindi. Tone lililozaliwa kwa ajili ya Kipini linazikwa Malindi. Landlodi na bomba lake la baa, kwa ukubwa wa nchi.

Kwa hiyo mtu anayesoma ubao wa Garissa anasoma salio: ongeza ya Nairobi, ongeza yaliyopandishwa na jua kule Masinga, bwawa la 1981 linaloweza kushika zaidi ya mita za ujazo bilioni moja na nusu. Hata kupanda na kushuka anakokuona kunategemea pia lini wazalishaji umeme walifungua milango, na mvua peke yake haimwelezi kitu. Anayepima Mto Nairobi naye, chini ya jiji, anaona maji mengi kuliko mto ulio nao. Mmoja amepunguziwa, mwingine ameazimwa.

Ndiyo maana ule ugomvi wa handaki la kaskazini ulikuwa mkali. Ni handaki la kilomita 11.8, la kuchukua maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyatia Ndakaini. Mwaka 2016 Raila Odinga, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, alidai hadharani kwamba litaigeuza Murang'a kuwa jangwa. Serikali ikakana, ikisema yatakayochukuliwa ni ya mafuriko na mto utaachiwa kiwango chake. Watu walichagua upande kwa chama. Lakini swali lote, ukilivua siasa, lilikuwa moja: mafuriko yanaanzia sentimita ya ngapi? Hilo huwezi kulijibu bila kujua mto wa asili, na mto wa asili huujui bila kumhesabu kila mkulima wa chai na kahawa mwenye bomba la inchi moja mtoni.

Sasa turudi kwa kijana, maana kisa hiki ni chake kuliko cha keateka.

Baada ya usiku ule sifa zilimfikia. Aliitwa injinia kabla hajahitimu. Kikundi cha vijana wa ploti za kando ya mto kilimwomba awasaidie mradi: matuta ya nduma na kitalu cha miche kwenye ukingo. Februari 2016, jua kali, aliteremka mtoni na chungwa na simu. Alipima mita kumi kandokando, akadondosha chungwa, likachukua sekunde 25. Upana wa maji mita tatu, kina sentimita ishirini. Alipunguza kidogo kwa kuwa maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, akapata lita mia mbili kwa sekunde. Alirudia mara tano, jibu likawa lile lile. Aliandika ripoti safi: hata katika mwezi mkavu kuliko yote, mto una lita mia mbili kwa sekunde, na mradi unataka tatu. Vijana walichanga, wakanunua pampu ya petroli ya mtumba, wakaiweka kwenye jukwaa la mbao kando ya maji ili bomba la kuvutia liwe fupi.

Keateka alimwuliza swali moja tu siku ile. "Mvua imenyesha lini mara ya mwisho?"

"Zamani, mzee."

"Na mto unatiririka?"

"Ndiyo uzuri wake."

Mzee akanyamaza. Mimi ningesema kitu, lakini nami sikuwa nimeliona jambo lenyewe.

Mvua za mwisho wa 2016 zilikuwa haba, Ndakaini ikashuka, na Januari 2017 ukatangazwa mgao wa maji Nairobi. Ploti yetu ilibaki na Jumamosi peke yake, na yenyewe kwa kuibia. Watu wa Huruma wakaanza kuoga kwa kikombe na kuhifadhi maji ya kufulia kwa ajili ya choo. Kamba za mama fua wote wa mtaa zikawa tupu. Katikati ya Februari pampu ya vijana ilikohoa, ikavuta tope, ikazima. Mto ulikuwa umebaki kamba nyembamba nyeusi katikati ya mawe. Kijana alisimama pale akitazama juu. Mbingu ilikuwa ile ile ya Februari iliyopita, jua lile lile, mwezi ule ule aliopima. Hakuelewa mto umekaukia wapi.

Keateka aliteremka na daftari kwapani.

"Injinia wangu, mimi ulinifundisha nirudishe kilichochotwa. Wewe ulitoa cha kuazima?"

Kijana hakujibu.

"Lita zako mia mbili," mzee akasema, "ngapi zilikuwa za Mathare na ngapi zilikuwa za bomba? Haya maji tunayaoga sisi kabla yako. Bomba likifungwa, mto wako unafungwa."

Mto ulikuwa umekauka kutoka mferejini mwa jikoni. Kijana alikuwa ameketi kwenye kaunta ya baa, akijisifia bomba lenye baraka. Nduma zilinyauka majani kwanza, halafu mashina, na vijana hawakumdai pampu yao kwa sauti, jambo ambalo nadhani lilimuuma zaidi.

Ningeweza kuachia hapo, lakini pampu ilikuwa bado juu ya jukwaa lake.

Huruma wakati huo ilikuwa na kidonda. Usiku wa 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa sita lililokuwa karibu na mto liliporomoka. Watu 52 walikufa. Mtoto mchanga alitolewa hai baada ya takriban saa themanini, na siku ya sita wakatolewa watu wengine wanne wakiwa wazima. Maafisa walisema jengo lilikuwa limeshaandikiwa kubomolewa. Sitauwekea mto lawama yote, kwani ujenzi mbovu na tamaa vina fungu lao, na kubwa. Lakini jiulize aliyesimamisha nguzo pale aliuona mto gani alipokuja kupima kiwanja. Aliuona wa kiangazi, kamba ya maji ya sabuni mtu anayoiruka kwa hatua mbili, akaamini huo ndio ukubwa wake. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilikataza ujenzi ndani ya mita sita hadi thelathini za ukingo, kulingana na upana wa mto, na zilianza kuhesabu kutoka kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Soma tena neno la mwisho. Pasipo na rekodi, mwenye kiwanja atakuonyesha salio.

Masika ya 2018 yalikuja na hasira, Kenya nzima inayakumbuka. Mathare ulipanda usiku. Pampu na jukwaa vilikwenda na mkondo wa kwanza, kabla hata ya watu kuamka. Asubuhi maji yalikuwa yamepita uzio, yamefika ukutani mwa ploti, rangi ya chai ya maziwa, yakizungusha mitungi mitupu. Kijana, ambaye wakati huo alikuwa amehitimu kweli, alimweleza mzee kwamba hata haya si ya asili yote: zamani ardhi ya huko juu ilikunywa mvua kwanza, na sasa mabati na lami vinaitema yote kwa pamoja. Mto huu, alisema, tumeuazima wakati wa jua na tumeuharakisha wakati wa mvua. Mtu hana siku ya kuuona wenyewe.

Mzee hakuwa anasikiliza sana. Alikuwa na msumari na jiwe. Maji yaliposhuka alichonga mstari ukutani pale doa la tope lilipoishia, mstari mrefu kama mkono, na kando yake akachonga tarehe. Kisha akanakili daftarini, kwenye ukurasa mpya, kwa wino mwekundu.

Mwaka uliofuata landlodi alipaka ukuta rangi ya krimu, akaandika juu yake kwamba vyumba vipo na namba ya simu. Mzee alikuwa ameshastaafu kwenda kwao na daftari lake. Wapangaji wapya hawakujua kwamba palikuwa na mstari.

Usiku wa kuamkia 24 Aprili 2024 Mathare ulitoka tena, na safari hii uliua. Kijana alikuja kesho yake kutoka alikokuwa anafanya kazi, buti zimejaa matope, akaenda moja kwa moja nyuma ya ploti. Alitoa sarafu ya shilingi kumi akawa anaipitisha juu ya rangi ya krimu, polepole, kutoka kiunoni kwenda chini, huku watoto wakimtazama. Mahali fulani sarafu ilinasa. Aliibandua rangi kwa kucha mpaka mstari wa msumari ukatokea, na tarehe yake. Doa jipya la tope lilikuwa juu ya mstari kwa shubiri moja. Aliomba msumari kwa jirani akachonga wa pili.

Serikali iliagiza walio ndani ya mita thelathini kutoka mtoni wahame, na Mei ubomoaji ukaanza. Waliokuja nyuma ya ploti na kopo la rangi nyekundu walihitaji ukuta ulio wazi. Walichora X kubwa, mguu wake mmoja ukapita juu ya mistari yote miwili.